Sentensi Chini ya Mshale

Vijana niliowaacha ofisini hawajaniacha. Kila wakipiga simu kuuliza nywila ya mashine fulani au mahali nilipoweka funguo za kabati, wanamalizia kwa neno lile lile: "Mama, andika mambo ya kazi." Nikawauliza niandike nini, kwa sababu kazi yetu ya kutengeneza programu za kompyuta, mtu akiichungulia dirishani, ataona mwanamke amekaa kitini anakunja uso. Wakasema niandike hata huko kukunja uso. Basi nimekaa hapa nyumbani Sekei, chai ipo, haraka haipo, naandika. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Yalikuwapo, yalikuwa madogo, na hayakunifundisha kitu.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kompyuta. Ofisi ilikuwa Kaloleni, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Siku za mechi kelele za uwanjani zilikuwa zinaingia hadi ndani, na goli likifungwa sote tuliacha kazi tusikilize ni upande gani unashangilia. Nilipanda ngazi zile na cheti changu kwenye bahasha ya kaki, viatu vipya vinanibana, nikamkuta Mzee Anaeli ameinamia meza na miwani imemshukia puani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Aneth?"

"Ndiye mimi."

"Cheti kiweke droo ile kisichafuke. Halafu njoo uchukue hivi."

Akanisogezea beseni la plastiki limejaa mausi za kompyuta. Nyinyi mnaotumia mausi za taa hamzijui zile. Zilikuwa na gololi ya mpira tumboni. Gololi inabiringika mezani, inazungusha virola vidogo, na virola ndivyo vinavyosogeza mshale kwenye skrini. Vumbi la Arusha wakati wa kiangazi mnalijua. Lilikuwa linajiviringisha kwenye virola vile likawa kama mkanda mweusi, na mshale ukaanza kurukaruka kama panzi. Nilishinda nikikwangua kwa njiti ya kiberiti na kufuta kwa pamba yenye spiriti. Jioni Mzee Anaeli akaja akaokota moja, akaibiringisha kwenye kiganja, akaridhika.

"Mteja akikwambia programu yako mbovu," akasema, "anza na mausi yake. Mara nyingi utaokoa heshima yako."

Alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, aliyeanza maisha akiwa fundi wa taipureta na mashine za kujumlisha. Kompyuta zilipofika mjini alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vilivyokosa kurasa, na kurasa zilizokosekana akazibuni. Nadhani ndiyo maana baadhi ya njia zake sijaziona kwa mtu mwingine yeyote. Hakuandika hata mstari mmoja wa programu kabla hajakaa nyuma ya mtu atakayeitumia. Alikuwa anavuta kiti, anakunja mikono, anatazama.

Mimi niliona anapoteza muda. Kisha siku moja tukaenda kwenye loji moja ya Usa River, tukakaa nyuma ya dada wa mapokezi mpaka wahudumu wakapita na chakula cha mchana. Tulipotoka akaniuliza nimeona nini.

"Nimeona anaandika majina ya wageni."

"Mimi nimeona mkono wake unasita akifika kwenye orodha ya vyumba. Anajua vyumba vyote kwa majina, lakini hakumbuki kipi kina kitanda cha mtoto. Anainuka kwenda kumuuliza mtu wa usafi. Umemwona akiinuka?"

Nilikuwa nimemwona. Nilidhani anaenda chooni.

Tulirefusha majina ya vyumba ndani ya orodha ili kila jina libebe maelezo yake, na matokeo yake orodha ikapanuka ikameza nusu ya skrini. Dada yule alitushukuru kwa adabu, na baada ya wiki tukakuta amerudia kuinuka. Naikumbuka kazi ile kwa sababu tulijua tatizo, tukalitaja vizuri, na bado tukashindwa kulitatua. Zipo kazi za namna hiyo. Mtazipata.

Zikaja nyingine: chama cha wakulima wa kahawa, shamba la maua, shule, duka la dawa za mifugo. Nywele zangu zikaanza kuwa na mvi pembeni. Mzee Anaeli akastaafu, akarudi kwenye kahawa na ndizi zake huko juu Nkoaranga, na kazi ya hospitali ikaniangukia mimi peke yangu.

Hospitali hiyo sitaitaja jina. Ni ya kanisa, iko upande wa magharibi wa mlima, kwa Waarusha, wanaosema Kimaa. Walitaka programu ya mapokezi. Mgonjwa anafika, nesi anachagua dalili yake kwenye orodha, na programu inampeleka chumba kinachomfaa: meno kule, wajawazito huku, wa homa kule maabara. Orodha ilikuwa ndefu, na kila mstari ulikuwa na dalili moja kwa maneno mafupi ya Kiswahili. Niliitengeneza, nikaiweka, ikafanya kazi. Kisha nikavuta kiti nyuma ya nesi, kama nilivyofundishwa, nikakunja mikono.

Nesi wa mapokezi alikuwa Sista Zuhura, mtoto wa Pangani, mwembamba, mwenye kicheko kilichokuwa kinasikika mpaka wodini. Alikuwa amepangiwa kazi mlimani akaja na makoti mawili, na bado alikuwa anatetemeka. Kiswahili chake kilikuwa kinanitia aibu mimi wa bara. Lakini hakikumsaidia.

Aliingia bibi mmoja mwenye shanga masikioni, kashika mkongojo.

"Karibu bibi. Unaumwa nini?"

Bibi akajibu kwa Kimaa, maneno mengi, taratibu, huku akimtazama Zuhura usoni. Mkono wa Zuhura ulikuwa juu ya mausi, na mshale ulikuwa unapanda na kushuka kwenye orodha bila kusimama popote. Mwishowe akanyoosha shingo mlangoni akamwita baba mmoja aliyekuwa kwenye foleni aje kutafsiri. Baba akaja. Bibi alipomwona akatazama sakafu, akasema neno moja.

"Anasema kichwa," akasema yule baba.

Zuhura akachagua kichwa. Bibi akaondoka.

"Dada Aneth," Zuhura akaniambia mlango ulipofungwa, "hapa kila mama akitafsiriwa na mwanamume wa foleni anaumwa kichwa. Mwenye uvimbe wa titi, kichwa. Mwenye kutokwa damu, kichwa. Miye najua siyo kichwa, lakini nitamuuliza kwa mdomo gani?"

Nilikwenda kwa katibu wa hospitali nikamweleza. Alikuwa mtu mwema mwenye kazi nyingi. Akasema siku hizi kila mtu anajua Kiswahili, na suala hilo litakwisha lenyewe. Pale ofisini alikuwapo mama mmoja mnene, kofia ya sufu kichwani, anakunywa uji. Nikamwona anaweka kikombe chini.

"Sokoni anajua," akasema. "Akiumwa, Kiswahili kinamtoka."

Huyo alikuwa Mama Nembris. Alikuwa mkunga wa hospitali hiyo tangu enzi za taa za chemli, sasa amestaafu, anakaa karibu na Ngaramtoni, na siku za kliniki alikuwa anakuja kwa hiari yake kuwasaidia manesi wageni kuelewana na wagonjwa. Siku ambazo hayupo, ndiyo siku za kichwa.

Zuhura ndiye aliyetoa wazo. Kwenye programu nilikuwa nimeweka vidokezo, yaani yale maandishi madogo ya ndani ya kiboksi cha manjano, yanayojitokeza ukituliza mshale juu ya kitu. Kwenye kitufe cha kuhifadhi kilikuwapo kinachosema "Hifadhi". Kwenye orodha nzima kilikuwapo kimoja kinachosema "Chagua dalili ya mgonjwa". Zuhura akakigusa kile cha orodha.

"Huyu ananiambia nichague. Hilo nalijua. Kwa nini asiniambie namna ya kuuliza? Nikiweka mshale kwenye jino, aniandikie kwa Kimaa, 'Jino linakuuma?' Nikishuka kwenye sikio, aniandikie la sikio. Nitasoma hivyo hivyo, kwa lafudhi yangu mbaya, lakini nitakuwa nimemuuliza mwenyewe."

Nikamwambia ni jambo rahisi. Nikapanda gari nikarudi Kaloleni nikiwa na furaha, na asubuhi yake nikagundua si rahisi hata kidogo.

Vijana, zana mnazotumia leo zinawafanyia jambo hili bila kuulizwa, kwa hiyo nisikilizeni kwa upole. Zana tuliyokuwa nayo wakati ule iliihesabu orodha kuwa kitu kimoja, kama ukuta. Ukuta una kidokezo kimoja. Haikujali kwamba ndani yake kuna matofali. Mistari ya orodha haikuwa na vidokezo vyake, na hapakuwa na mahali pa kuviandika. Ilibidi nivibebe mimi mwenyewe pembeni, sentensi moja kwa kila mstari, kisha nitegee mshale. Mshale ukisogea juu ya orodha, programu inapata habari uko wapi. Kutoka hapo unauliza: mahali hapa pana mstari gani? Ukishapata mstari, unachukua sentensi yake na kuibandika kwenye kidokezo cha orodha, haraka, kabla hakijajitokeza. Mtumiaji anaona kila mstari una kidokezo chake. Ukweli ni kwamba kipo kile kile kimoja, kinabadilishwa nguo.

Niliandika hivyo, na kikaanza kupepesa. Kiboksi kinatokea, kinapotea, kinatokea, kama taa ya umeme wa mgao. Nilibadilisha hiki na kile. Nilikata tamaa Ijumaa, na Jumamosi nikapanda Nkoaranga.

Nilimkuta Mzee Anaeli kwenye ndizi zake, anakata vigogo vya migomba kwa ajili ya ng'ombe. Nikamwamkia, akaitikia, akanikabidhi mzigo wa majani nibebe. Nikamweleza shida yangu tukiwa tunateremka kuelekea zizini, mimi nyuma, majani yananichoma shingo.

"Mshale ukisogea, unafanya nini?" akauliza.

"Naangalia mstari, nabandika sentensi."

"Ukisogea kidogo tu, ndani ya mstari ule ule?"

"Naangalia mstari, nabandika sentensi."

Akasimama akageuka. "Sasa kwa nini unamwambia mara ya pili jambo ambalo umeshamwambia?"

Nilisimama pale na mzigo wangu. Mkono wa binadamu hautulii; hata ukidhani umetuliza mausi, mshale unatikisika. Kila ukitikisika, mimi nilikuwa nabandika sentensi ile ile upya, na kiboksi kinajifuta na kujichora tena. Nilitakiwa kukumbuka mstari wa mwisho nilioutolea sentensi, na kama mshale bado uko hapo hapo, ninyamaze. Maneno machache ya programu, hayafiki hata kiganja kimoja cha mkono.

"Asante, mzee," nikasema.

"Usiniangushie majani," akajibu.

Kazi ya sentensi zenyewe tuliifanya nyumbani kwa Mama Nembris. Nilikuwa na daftari, Zuhura alikuwa na masikio yake ya Pangani. Mama Nembris anasema, Zuhura anarudia, mimi naandika kama Zuhura anavyoweza kusoma, siyo kama vitabu vya Kimaa vinavyotaka. Watu wa tahajia wangetulaani. Tulikata maneno marefu kwa vistari, na sentensi ndefu tukaigawa katika mistari miwili, kwa sababu kiboksi kilikuwa kinatoka nje ya skrini na neno la mwisho, lenye swali lenyewe, halionekani.

Siku ya kwanza tukakwama. Zuhura alishauliza vizuri swali la tumbo, Mama Nembris akajifanya mgonjwa akamjibu kwa kirefu, na Zuhura akabaki ametoa macho.

"Nimeuliza," akasema. "Sasa amenijibu. Nimerudi pale pale!"

Mama Nembris akacheka mpaka akashika meza. Kisha akafikiri. "Usimuulize anajisikiaje," akasema. "Muulize jambo ambalo atalijibu kwa kichwa au kwa vidole. Linauma hapa? Tangu jana? Tangu juzi? Akuonyeshe."

Tukafuta zote, tukaanza upya. Maswali yote yakawa ya ndiyo, hapana, au onyesha, na chini ya kila swali tukaweka la pili, la tangu lini.

Tulipofika kwenye mistari ya wajawazito Mama Nembris alikuwa mkali. Kwenye orodha niliandika "Mtoto hachezi tumboni". Nikamwomba aseme hivyo hivyo kwa Kimaa. Akakataa.

"Ukimuuliza mama kama mtoto hachezi, atakwambia anacheza. Hawezi kulitoa neno hilo mdomoni mwake. Mimi miaka yote niliuliza hivi: mtoto amelala? Hapo atakwambia. Amelala tangu jana. Kulala ni jambo linaloweza kusemwa."

Nikaandika swali lake.

Siku ya majaribio Mama Nembris alikaa kwenye kiti cha wagonjwa akashika shavu, akijifanya jino linamuuma. Zuhura akateremsha orodha, akaweka mshale kwenye jino, akasubiri kiboksi, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Mama Nembris akaacha shavu.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ya kila mwezi kwangu iliisha zamani sana."

Orodha ilikuwa imeteremshwa, na hesabu yangu ilianzia juu ya kile kinachoonekana, bila kujumlisha mistari iliyokwisha kufichwa huko juu. Kwa hiyo jino lilikuwa limevaa nguo ya hedhi. Niliirekebisha pale pale, wao wakiwa wanapangusa machozi ya kicheko. Kukawa na jingine: ukishuka chini ya mstari wa mwisho, kwenye sehemu nyeupe isiyo na kitu, kidokezo cha mstari wa mwisho kilibaki kinaning'inia. Nikakiambia mshale ukifika hapo kijifute. Na la mwisho lilikuwa la Zuhura: "Huyu anakimbia. Sijafika katikati ya sentensi ameshaondoka." Vidokezo vya kawaida hukaa kitambo kidogo vikajificha, kwa sababu vimetengenezwa kwa mtu anayesoma neno moja. Nikavirefushia muda mpaka Zuhura akaridhika.

Nilirudi siku iliyofuata kuweka toleo lililorekebishwa. Ilikuwa asubuhi, mvua imenyesha, ukumbi umejaa harufu ya makoti yaliyolowa. Mama Nembris hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwenye msiba. Nilikuwa nimeshamaliza, nakunja waya zangu, alipoingia mama mmoja kijana, mjamzito, tumbo kubwa, shuka limelowa, matope hadi magotini. Alikuwa peke yake.

Zuhura akamsalimia kama alivyofundishwa. "Takwenya."

"Iko," yule mama akaitikia, sauti chini kabisa.

Zuhura akamtazama tumbo. Mtu yeyote angedhani uchungu umeanza. Akaweka mshale kwenye uchungu, akasoma. Yule mama akatikisa kichwa. Akaweka kwenye maumivu ya tumbo, akasoma. Akatikisa kichwa tena. Kutokwa damu: hapana. Kwenye foleni watu walikuwa wameanza kukohoa kikohozi kile cha kuharakisha mtu. Baba mmoja akajitolea, akasema yeye atatafsiri, na yule mama akajivuta shuka na kutazama chini.

"Subiri, baba," Zuhura akamwambia. "Kaa kwanza. Ahsante."

Akashusha mshale mstari mmoja. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona kiboksi kinajitokeza. Hakikupepesa. Zuhura akasogeza uso karibu na skrini, akasoma swali la Mama Nembris polepole, akakosea katikati, akarudi mwanzo, akalisoma tena lote.

Yule mama akamshika mkono. Akainamisha kichwa kukubali, mara moja, kisha akaanza kulia bila sauti.

Zuhura akasoma swali la pili la mstari ule, la tangu lini. Mama akanyoosha mkono kuelekea upande jua linakozama, kisha akaupitisha kichwani hadi upande linakochomoza. Tangu jana jioni.

Zuhura alisimama kwa nguvu kiti kikaanguka. "Dada Aneth, shika mlango!" Nikashika mlango. Wakatoka, amemkumbatia kiunoni, wanakwenda upesi kadiri yule mama alivyoweza. Mimi nikabaki mapokezi na foleni nzima inanitazama, na mbele yangu programu yangu mwenyewe, kiboksi bado kimejitokeza. Niliwaambia watu wasubiri. Hakuna aliyelalamika. Yule baba aliyetaka kutafsiri alivua kofia akaishika magotini.

Nilizipata habari kwa vipande. Mkunga alitafuta mapigo ya moyo wa mtoto, akayakosa, akayatafuta tena, akayapata hafifu. Daktari akaitwa. Mama akapelekwa chumba cha upasuaji. Nilikuwa na kazi mjini mchana ule, sikwenda. Nilikaa kwenye benchi la nje, karibu na bomba la maji, nikijiambia nasubiri mvua iishe, na mvua ilikuwa imeshaisha.

Zuhura akatoka akiwa bila kofia yake ya nesi.

"Wa kike," akasema. "Alitoka amelegea kama kitambaa. Wamemhangaikia. Sasa analia, wallahi analia mpaka daktari ametoka kwenda kupumzisha masikio." Akakaa kando yangu kwenye benchi, akaanza kulia yeye, na mimi nikamfuata. Ndivyo alivyotukuta katibu wa hospitali. Alitutazama, akauliza kama kuna msiba.

Tulimweleza. Hakusema mengi, lakini mwezi ule ule nikaitwa kuweka vidokezo kwenye chumba cha meno, cha macho na cha watoto, na Mama Nembris akapewa meza na kiti chake kwenye kona ya mapokezi. Meza hiyo aliijaza sufu ya kufuma na vikombe vya uji.

Si kila asubuhi iliisha vile. Nyingine nilikuwapo, na sitaziandika. Mama Nembris naye ametutoka. Tulimzika Ngaramtoni, na Zuhura alisoma salamu za hospitali kwa Kimaa mbele ya kanisa zima, yeye Mwislamu wa Pangani, na wazee wakawa wanaitikia kwa kichwa.

Mwaka huu, kabla sijaondoka kazini, hospitali ilihamia kwenye mfumo mpya wa kutumia kompyuta bapa za kugusa kwa kidole. Kijana wetu Goodluck, aliyeutengeneza, alinijia na wasiwasi. Kidole hakina mshale, akasema. Hakiwezi kutulia juu ya mstari bila kuugusa. Sentensi zitajitokezaje? Nikamwambia aende akavute kiti nyuma ya manesi. Alikwenda, na akarudi na jibu lake zuri: kitufe kidogo chenye alama ya sikio mwishoni mwa kila mstari, ukikigusa inasikika sauti. Sentensi alizihamisha zote. Tahajia yetu mbovu akaiacha kama ilivyo.

Nikaomba niende mwenyewe kuizima mashine ya zamani. Zuhura sasa ni metroni, amenenepa, makoti yamebaki yale yale mawili. Alinikaribisha kwa kelele, akaniletea chai, tukaitazama skrini ile pamoja. Nikamwuliza kama kuna chochote anachotaka nikitunze. Kabla hajajibu, mlango ukafunguka, akaingia bibi mmoja na mkongojo, akatafuta kiti kwa mkono.

Nesi wa zamu alikuwa binti mgeni kutoka Songea. Alikuwa anahangaika na kompyuta yake mpya, anatafuta mstari. Zuhura akamgusa bega asihangaike. Akaenda akachuchumaa mbele ya bibi, akamsalimia, akamuuliza, swali moja baada ya jingine, kwa Kimaa, macho yake usoni mwa bibi, bila kutazama skrini yoyote. Lafudhi ya Pangani ilikuwa bado imejaa tele. Bibi akamjibu kwa kirefu, na Zuhura akawa anaitikia, anauliza tena, anaelewa.

Katikati bibi akamkatiza. Akarudia neno moja alilolisema Zuhura, akalivuta mwishoni ili asikie tofauti. Zuhura akalirudia. Bibi akatikisa kichwa, akalisema tena. Zuhura akalirudia, safari hii likatoka sawa, na bibi akampiga kofi la begani, wakacheka wote wawili.

"Miaka yote hii nalikosea!" Zuhura akaniambia kwa kugeuza shingo. "Na hakuna aliyeniambia!"

Nikainama chini ya meza, nikachomoa waya.